64, 65 na Yua ya Ndeke: Historia ya Mafungu Ukambani

Kila fomu uliyowahi kujaza imekuweka kwenye fungu. Umri, mshahara, kaunti, uko shule ama hauko. Wengi hujaza na kusonga. Mimi siku hizi nikipewa fomu huwa naiangalia kwanza kama mtu anayeangalia chenji: nani alichora hii mistari, na aliamuaje kwamba mtu wa miaka 64 na wa 65 si watu wa aina moja?

Hilo swali sikulitoa kwa darasa la historia. Nililitoa kwa kazi ya kupima programu, ambayo nilijifunza kwa simu baada ya kuacha kampasi. Lakini kadiri ninavyosoma historia ya huku kwetu, Kitui na Makueni, ndivyo ninavyoona kwamba karibu kila serikali iliyotutawala imekuwa ikifanya nusu ya hiyo kazi. Inachora mafungu. Kuyapima inatuachia sisi, kwa mifuko yetu.

Tuanze na kitu unakijua. M-Pesa. Kwa bei zilizoanza Julai 2023, kumtumia mtu shilingi 100 ni bure. Kutuma 101 ni shilingi 7, na inabaki 7 mpaka 500. Kutoka 501 mpaka 1,000 ni 13. Kutoka 1,001 mpaka 1,500 ni 23, halafu 33 mpaka 2,500, inapanda hivyo mpaka ukifika 20,001. Hapo inakuwa 108 na inakaa 108 mpaka 250,000, ambayo ndiyo mwisho wa muamala mmoja.

Sasa jifanye umepewa kazi ya kuhakikisha hiyo programu inakata pesa sawasawa. Kuna viwango 250,000 tofauti mtu anaweza kutuma, na hapo tunahesabu shilingi nzima tu. Ukijaribu kimoja kila dakika, mchana na usiku, bila kula, utamaliza baada ya miezi mitano na zaidi. Hakuna bosi atakulipa kwa hiyo. Kwa hivyo wapimaji hufanya hivi: wanasema kiasi chochote kati ya 101 na 500 kinapitia njia ileile ndani ya programu, kwa hivyo 230 ikikatwa vizuri, 231 nayo itakatwa vizuri. Chagua kimoja kiwakilishe wenzake. Ukihesabu bei zote unapata mafungu 12. Ongeza matatu ya vitu ambavyo programu inatakiwa kukataa: sifuri kushuka chini, kitu kilichozidi 250,000, na mtu aliyeandika herufi mahali pa namba. Jumla 15. Kutoka robo milioni mpaka 15. Huo ndio ugawaji wa mafungu sawa.

Halafu kuna pacha wake, kupima mipaka. Mdudu wa programu hapendi kukaa katikati ya fungu, anapenda ukingoni, kwa sababu huko ndiko mwandishi wa programu aliandika "chini ya 100" akimaanisha "100 kushuka". Kwa hivyo unajaribu 100 na 101, 500 na 501, 1,000 na 1,001. Ukiona mtu anapima kwa 250 peke yake na kusema iko sawa, mwambie arudi.

Na usidhani hii ni akili ya watu wa ofisi za Nairobi. Enda soko la Wote siku ya soko umwambie mama wa mboga akutumie 2,000. Kuna uwezekano mkubwa utapata meseji mbili za thao, thao. Kutuma 2,000 mara moja ni 33. Kutuma 1,000 mara mbili ni 26. Huyo mama ameshachora mafungu yote kichwani na anajua mpaka uko wapi. Hata mpaka ukihama anajua. Machi 2020 korona ilipoingia, kutuma 1,000 kushuka chini kulifanywa bure, na mwaka ulipoisha ile bure ikarudishwa mpaka 100. Alijua siku hiyohiyo.

Wazo lenyewe lina historia kwa vitabu. Mwaka 1975 John Goodenough na Susan Gerhart waliandika makala ya kuuliza ni namba gani za majaribio zinatosha kutuaminisha kuhusu programu nzima. Mwaka 1979 Glenford Myers akatoa kitabu chake The Art of Software Testing, na huko ndiko wapimaji wengi hupatia huu ugawaji wa mafungu na upimaji wa mipaka ukiwa umepangwa kama kanuni. Kitabu kinaanza na programu ndogo ya kusoma pande tatu za pembetatu na kusema ni ya aina gani. Inakaa rahisi mpaka uanze kuandika majaribio yake.

Kuna kanuni moja ya Myers ambayo huwa naipenda sana. Vitu halali unaweza kuvichanganya kwa jaribio moja, vingi unavyotaka. Vitu batili, kimoja kimoja. Kwa nini? Ukiweka umri wa miaka hasi 5 na pia ukaacha namba ya kitambulisho wazi, programu itakukataa kwa sababu ya kitambulisho na utaenda nyumbani ukiamini inakagua umri. Haikagui. Kosa moja limeficha lingine. Hiyo kanuni tutaihitaji tena huko chini.

Lakini kitu ambacho watu wa programu hukisema haraka halafu wanakipita ni hiki: fungu ni dai. Ukisema 230 na 231 ni fungu moja, umedai kwamba mashine inazitazama kwa jicho moja. Dai linaweza kuwa kweli, linaweza kuwa uongo. Kwa programu, dai likiwa uongo, mdudu anapita. Kwa watu, dai likiwa uongo, kuna mtu analipa.

Turudi nyuma sasa.

Mwanzoni mwa karne iliyopita Waingereza walianza kutoza kodi ya nyumba. Si ya mtu, ya nyumba, kwa sababu nyumba inahesabika. Dai lao lilikuwa rahisi: nyumba moja ni sawa na nyumba nyingine. Kwa boma la Mkamba mwenye wake watatu, kila mke na nyumba yake, hiyo ni kodi mara tatu. Sasa nini kikafanyika? Si hapa tu, sehemu nyingi za nchi watu walianza kubanana kwa nyumba chache ili zihesabiwe chache. Unaona? Ni ileile hesabu ya mama wa Wote na thao mbili, ila huyu anagawanya ili alipe kidogo na wale waliunganisha ili walipe kidogo. Ukichora mpaka, watu wataupima. Kama hukuupima wewe mwenyewe kabla, utapimiwa.

Kuziba hilo pengo ikaletwa kodi ya kichwa kwa wanaume wasiolipia nyumba. Kufikia miaka ya 1920, kijana Mwafrika aliyefika miaka 16 alikuwa wa kulipa. Sasa hapo ndipo mpimaji wa programu anakaa chini na kushika kichwa. Mpaka ni 16, sawa. Majaribio ni 15 na 16, sawa. Lakini hiyo thamani inatoka wapi? Hakukuwa na cheti cha kuzaliwa. Ofisa alimwangalia kijana na kuamua. Kuna simulizi ambayo utaisikia karibu kila kona ya Kenya, ya vijana kuambiwa wainue mikono waangaliwe kama kwapa lina nywele. Yaani sheria iliandikwa kwa miaka na ikapimwa kwa nywele. Ukipita, umekuwa mtu mzima wa kulipa, na ili ulipe lazima uende kutafuta kibarua, kwa shamba la mzungu ama kwa reli.

Hili si jambo dogo. Mbinu yote ya mafungu inaamini kwamba unajua namba iliyoingia. Ukambani namba ya umri haikuwa namba kabisa. Wazee wetu walihesabu miaka kwa njaa, kila njaa na jina lake. Kulikuwa na Yua ya Ngomanisye, ile ya 1898 na 1899. Kuna Yua ya Ndeke ya 1961, njaa ya ndege, kwa sababu chakula kilidondoshwa na ndege. Kuna ile ya 1984 inayoitwa Ni Kwa Ngwete, maana yake nakufa nikiwa nazo mkononi: pesa ilikuwako, chakula cha kununua hakikuwako. Hilo jina peke yake ni somo la uchumi, lakini tusitoke nje ya mada.

Susu wangu ukimuuliza alizaliwa lini hakwambii mwaka. Anakwambia alikuwa anatambaa ndege zikija. Ile ni data nzuri kabisa, ina usahihi wa karibu mwaka mmoja, na ni nzuri kuliko ya ofisa na kwapa. Shida inakuja pale fomu inapotaka siku, mwezi na mwaka. Hapo mtu wa kujaza anakisia, anaandika tarehe, na kuanzia siku hiyo makisio yanakuwa ukweli wa serikali. Shika hiyo.

Kabla ya kufika huku kwetu kwa sasa, kuna mwaka mmoja siwezi kuuruka, 1938. Serikali ya mkoloni iliamua ng'ombe wa Machakos wamezidi, udongo unaisha, wapunguzwe kwa lazima. (Makueni ya leo ilikuja kukatwa kutoka wilaya ya Machakos mwaka 1992, kwa hivyo hii ni hadithi ya nyumbani. Watu wa Machakos msinune.) Udongo kweli ulikuwa unaisha, hilo halina ubishi. Lakini angalia fungu walilochora: ng'ombe ni ng'ombe. Idadi ikizidi, toa waliozidi, wauzwe, na kiwanda cha nyama kilikuwa kimefunguliwa pale Athi River kikiwangoja. Kwa mwenye boma hao si fungu moja. Kuna mtamba wa kuzaa kesho, kuna wa mahari ya kijana, kuna uliyewekewa na ndugu na si wako kuuza. Muindi Mbingu na wenzake wakaongoza maelfu ya watu kwenda Nairobi mwezi wa Julai kutaka kuongea na Gavana. Mbingu akakamatwa na kupelekwa Lamu. Lakini kabla ya mwaka kuisha ule uuzaji wa lazima ulikuwa umeachwa. Barabara yake iko katikati ya Nairobi, na wengi hupita hapo wakidhani ni jina la mtu aliyekuwa na duka.

Sasa ruka mpaka 2010. Katiba mpya inaleta kaunti 47. Kitui inakuwa ya 15 kwenye orodha, Machakos 16, Makueni 17. Mahali pengine mpaka kati ya Kitui na Makueni ni mto Athi wenyewe, na ni huko mpakani ambako bwawa la Thwake limekuwa likijengwa. Ng'ambo hii na ng'ambo ile ni Kikamba kilekile, njaa zilezile, wakwe walewale. Lakini afya sasa ni kazi ya kaunti, na kila kaunti inaweza kuchora mafungu yake.

Makueni ilichora kwanza. Mwaka 2016, chini ya gavana Kivutha Kibwana, MakueniCare ilianzishwa. Kaya moja ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa kwa hospitali za kaunti. Kadi ilimhusu mkuu wa kaya, mke ama mume, watoto wa chini ya miaka 18, na wale wa mpaka miaka 24 kama bado wako shule. Wazee wa miaka 65 kwenda juu, bure. Kitui ikafuata 2018 wakati wa gavana Charity Ngilu na mpango wake wa K-CHIC, shilingi 1,000 kwa kaya kwa mwaka. Kwa hivyo kulikuwa na wakati ambapo mto Athi ulikuwa kama mpaka wa bei ya M-Pesa: huku 500, kule 1,000.

Mimi ni shabiki wa ile MakueniCare, niseme wazi, na hii si kampeni ya mtu. Kwa kaunti kavu kama yetu, kufikisha kadi ya hospitali kwa mwanakijiji kwa bei ya kuku mmoja ni kitu cha kuandikwa. Ndiyo maana nataka tuipime vizuri, maana kitu kizuri ndicho kinachostahili kupimwa. Chukua hizo kanuni kana kwamba ni maelezo ya programu uliyopewa asubuhi, na majaribio yanatakiwa jioni.

Umri unakupa mipaka mitatu: 17 na 18, 24 na 25, 64 na 65. Weka batili mbili, chini ya sifuri na umri ambao binadamu hafiki. Mpaka hapo kazi ni ya dakika kumi. Halafu unakutana na maneno "kama bado wako shule", na fungu la 18 mpaka 24 linapasuka vipande viwili. Mtu wa 22 aliye shule na mtu wa 22 aliye nyumbani hawako pamoja tena. Mmoja yuko kwa kadi ya mzazi. Mwingine anahesabika ameshajitegemea, atafute yake.

Mimi ndiye thamani ya hicho kipande cha pili. Umri ishirini na kitu, shule hapana. Najua dai lililo ndani ya huo mstari: kwamba kijana asiye shule ana kipato. Nitakwambia, siku nilipoacha kampasi kipato changu hakikubadilika hata shilingi. Kilikuwa sifuri Ijumaa na kikawa sifuri Jumatatu. Kilichobadilika ni fungu.

Na ukichimba, hata lile fungu la "wako shule" halikai pamoja. Kuna aliyelipa karo na anahudhuria. Kuna aliyesimamisha masomo muhula mmoja atafute karo, jina lake liko kwa mfumo wa chuo lakini yeye yuko kwa mjengo anabeba mawe. Kuna wa chuo cha ufundi, kuna aliyemaliza kidato cha nne na anangoja barua. Mpimaji mzuri anaandika swali moja kwa aliyeandika maelezo: "shule" ni nini, na siku gani ndiyo ya kuangalia? Kisha swali la pili: "mpaka miaka 24" ina maana 24 yumo, ama akitimiza 24 ametoka? Herufi chache hizo zinabeba mwaka mzima wa mtu.

Upande wa wazee ndio wenye historia nzito. Kumbuka susu na Yua ya Ndeke. Aliyezaliwa 1961 anatimiza 65 mwaka 2026. Hapo ukingoni ndipo kizazi kizima cha watu ambao tarehe yao ya kuzaliwa ni makisio ya karani. Karani aliyeandika 1961 na aliyeandika 1963 kwa watoto wawili wa njaa ileile wamewaweka kwa mafungu mawili kwa miaka miwili. Kwenye programu hilo lingeitwa kosa la data na lingerekebishwa kwa kikao. Kwa mzee, kurekebisha tarehe ya kitambulisho ni nauli, ni barua ya chifu, ni siku za kukaa kwa benchi. Ile simulizi ya kwapa ya miaka ya 1920 na hii ya kitambulisho zinafanana kwa jambo moja tu, na linatosha: mpaka umechorwa kwa wino mwembamba juu ya namba nene.

Nilipewa fomu majuzi kwa ofisi moja, sitaitaja. Sehemu ya kazi ilikuwa na visanduku vinne: mwanafunzi, mwajiriwa, mfanyabiashara, mstaafu. Nikamuuliza dada wa kaunta mtu anayetengeneza video aweke wapi. Akasema, "Weka tu yoyote, mfumo hauwezi kukubali ukiacha wazi." Pale nikakumbuka kanuni ya Myers, ya kosa moja kuficha lingine. Mfumo unakagua kama umejaza, kwa hivyo unaonekana unakagua. Ukweli wa ulichojaza hakuna anayeuliza.

Tuongee mshahara sasa, maana huko ndiko mafungu yamebadilishwa mbele ya macho yetu. NHIF ilianzishwa 1966. Kufikia Machi 2015, aliyelipa nyingi zaidi alilipa shilingi 320 kwa mwezi hata kama anapata mamilioni. Aprili 2015 zikaja bei mpya, na kama wewe ni mpimaji hizo ni sikukuu, kwa sababu zilikuwa mafungu 17 yaliyopangwa kama ngazi. Mshahara wa 5,999 kushuka chini, 150. Kutoka 6,000 mpaka 7,999, 300. Kutoka 8,000 mpaka 11,999, 400. Inaendelea mpaka 100,000 kwenda juu, 1,700.

Pima mpaka wa kwanza. Wa 5,999 analipa 150. Ongezewa shilingi moja, moja tu, unalipa 300. Hakuna mdudu hapo, programu inafanya kama ilivyoambiwa. Sasa pima fungu la mwisho. Wa 100,000 na wa 1,000,000, wote 1,700. Hilo ndilo dai: kwamba hao wawili ni sawa. Kwa miaka tisa na kitu, kisheria, walikuwa sawa.

Tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF ikaondoka na SHIF ikaingia chini ya SHA. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, isipungue 300. Mafungu 17 yakawa mawili. Ukitaka kujua mpaka uko wapi, gawanya 300 kwa 0.0275, unapata 10,909 na senti. Wa 10,909 anaguswa na ile 300 ya chini, wa 10,910 anaingia kwa asilimia. Jaribu mwenyewe kwa simu. Halafu linganisha na zamani: wa 5,000 alikuwa 150, sasa 300, mara mbili. Wa 9,000 alikuwa 400, sasa 300, amepumua. Wa 20,000 alikuwa 750, sasa 550. Wa 40,000 alikuwa 1,000, sasa 1,100. Wa 1,000,000 alikuwa 1,700, sasa 27,500. Kelele za mitandaoni zilisema kila mtu amepandishiwa. Majaribio matano tu yanaonyesha si kila mtu, na yanaonyesha pia kwamba yule wa chini kabisa ndiye aliyepandishwa pamoja na wale wa juu. Mimi hiyo ya 5,000 ndiyo inanikera, na ningependa wale wanaobishana kuhusu SHA waanzie hapo.

Lakini Kitui na Makueni wengi hatuna mshahara wa kukatwa. Sisi ni wa ndengu, maembe, mchanga, bodaboda, na wengine kama mimi, wa kuongea na kamera. Kwetu SHA ilileta njia nyingine. Unaulizwa maswali kuhusu nyumba yako na maisha ya kaya yako, hesabu inafanyika ndani, kisha unapewa kiasi, na unatakiwa kukilipa kwa mwaka mzima.

Hapa ndipo nilipo na ubishi, na naomba usome polepole. Sipingi kwamba tajiri na maskini wasilipe sawa. Zile 500 za Makueni zilimtoza mwenye duka kubwa sawa na mpasua kokoto, na hilo nalo ni dai baya. Lakini 500 ilipimika. Mtu yeyote Kathonzweni angeweza kusema, "Mimi niko fungu hili, natakiwa 500, umeniitisha 800, kwa nini?" Ngazi ya NHIF, pamoja na ujinga wake wa 5,999, ilipimika pia, kwa sababu mistari yote ilikuwa nje. Mama wa Wote angeipima akikata sukuma. Hii ya sasa, ukipewa kiasi cha kushangaza, huna thamani ya jirani ya kujaribu. Hujui ni jibu gani lilikuvusha mpaka. Ni ukuta? Ni redio? Ni ile ng'ombe moja, ambayo pengine hata si yako, umewekewa na ndugu?

Muindi Mbingu na wenzake angalau walijua idadi waliyokuwa wanabishania.

Ningepewa siku moja ndani ya hiyo hesabu, nisingehitaji data ya mtu yeyote. Ningetunga kaya mbili za Mutomo, zinafanana kwa kila jibu isipokuwa moja. Paa pekee. Kisha choo pekee. Kisha idadi ya watoto, watatu halafu wanne. Ningeandika kiasi kinachotoka kila mara kwa karatasi ya kawaida, na ile karatasi ningeibandika kwa ukuta wa soko la Wote, na nyingine ng'ambo ya Athi.